Rubani Aliyegeuza Ndege

Vita vilikuwa vimekwisha. Watu wa Jinja walikuwa wanapaka nyumba rangi na kufungua tena maduka yao. Lakini daraja moja kwenye njia ya Mbale lilikuwa bado limevunjika. Ndiyo sababu Zaituni, mpishi wa mtaa wa Nalufenya, alipanda ndege kwa mara ya kwanza. Alikuwa anakwenda Mbale kumwoza binti yake, Hadijah, aliyekuwa tayari huko.

Ndege ilikuwa ndogo, ya kubeba dawa. Rubani aliitwa Burhan, kijana wa Bugembe. Nyuma alikaa Masaba, mjomba wa bwana harusi, aliyewahi kuwa askari.

Jua liliwaka. Zaituni alicheka kuona ng'ombe wadogo kama maharagwe. Walipopita Iganga, mbele kukawa kweupe. Mawingu yalikuwa yameshuka. Mlima Wanale, ulio juu ya mji wa Mbale, haukuonekana.

Burhan akageuza ndege.

"Unatupeleka wapi?" Zaituni aliuliza.

"Tunarudi Jinja, mama."

"Na harusi ni leo? Pita humo humo! Wingu si ukuta."

"Si ukuta, lakini linaficha ukuta. Mimi naongoza kwa macho. Sheria inataka niione ardhi, nione mbele, nikae mbali na mawingu. Nikiingia humo, sitajua hata kama ndege imelala ubavu."

"Basi shuka chini, ufuate barabara," alisema Masaba. "Jeshini marubani walipita tu."

"Wote walifika, afande?"

Masaba akakaza mkanda wake.

"Mawingu yanazidi kushuka," Burhan aliendelea. "Tukipita chini yake, yatatubana juu ya vilima. Sasa hivi nyuma bado kuko wazi. Rubani hugeuka wakati njia ya kurudi bado ipo."

Zaituni alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Akilini alimwona Hadijah amekaa na hina mikononi, anamngoja.

Walipotua Jinja, Burhan alizungumza na uwanja wa Mbale kwa redio. "Waambieni wenye harusi wasubiri. Mama wa bibi harusi ni mzima."

Wakanywa chai. Adhuhuri ilipopita, Mbale wakaita kwa redio: mawingu yamepanda, Wanale unaonekana wote. Burhan alitazama mbingu mwenyewe, akapima mafuta ya kwenda na kurudi, ndipo wakaruka.

Safari hii Zaituni aliona. Pale palipokuwa peupe asubuhi, palisimama majabali meusi, marefu kupita minara yote aliyoijua.

"Kumbe ulikuwa hapo!" aliuambia mlima.

Hadijah aliolewa alasiri ile. Wanawake walicheza mpaka vumbi likapanda.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulitanda. Masaba alibeba mfuko wake. "Twendeni! Kazi inaningoja Jinja."

"Kaa, bwana," alisema Zaituni, akimsogezea kikombe. "Rubani bado anatazama mlima. Jana angepita, leo watu wangekuwa kwenye matanga yetu. Kunywa chai ya harusi."