Harusi Kumi na Saba

Tak.

Mlio mdogo, kama mtu anayebonyeza kalamu. Giza bado, adhana ya alfajiri haijatoka, mwanangu kalala kifuani... nikapapasa upande wa pili wa kitanda.

Hayupo.

Tak. Kisha sauti ya mume wangu ikatoka sebuleni, imeshushwa kama ya mwizi:

"Mapenzi... Mapenzi, wanipata?"

Akajibiwa na mwanamke. Sauti laini, inapenya kwenye mkwaruzo wa simu ya upepo:

"Nakupata, Mahadhi. Sema."

"Harusi vipi?"

"Harusi kumi na saba."

"Na mimi?"

"Wewe nakupa leo alasiri. Nitafute."

Tak.

Wenzangu, siku hiyo ilikuwa tarehe tisa. Nilihesabu kwa vidole, gizani, juu ya mgongo wa mwanangu. Siku nane. Mume wangu anaoa baada ya siku nane, na huyo mke mtarajiwa anaitwa mapenzi mbele ya masikio yangu!

Mwaka huo, 1986, nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mimi Mwanatumu, mzaliwa wa Mambrui, nimeolewa Marereni kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chumvi. Mahadhi alikuwa kibarua wa kukomba chumvi. Ndiyo kwanza wamempandisha, wamemfanya mlinzi wa malango ya kuingiza maji ya bahari kwenye mabwawa ya chumvi. Pamoja na cheo wakampa ile simu ya upepo ya kuongea na ofisi ya Malindi. Ilikuwa na siku kumi tu nyumbani kwetu, imekaa mezani na betri yake ya gari kama mgeni asiyeaga.

Na mimi nilikuwa nasoma. Jioni tatu kwa wiki naenda darasa la watu wazima, yeye anabaki na Zuleikha wetu. Nilikuwa nikimsifu kwa hilo. Alfajiri ile nikajiuliza... jioni hizo tatu, mtoto akilala, alikuwa akiongea na nani?

Asubuhi nikamwekea mahamri na mbaazi. Nikauliza kama sitaki jibu:

"Kumi na saba una safari?"

Akaacha kutafuna. "Kumi na saba umeisikia wapi?"

"Hewani."

Akacheka, akasema masikio yangu marefu, akanywa chai yake, akaenda kazini.

Hakukana. Mliona? Hakukana.

Nilitwanga mahindi siku ile mpaka jirani yangu Nyevu akaja kuuliza nimegombana na kinu. Sikumwambia kitu. Akanisuka nywele, akamfunga mtoto wake mgongoni, akaondoka akaanze kibarua chake cha alasiri cha kukomba chumvi. Nikabaki na simu ile tunatazamana.

Sasa, mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufundisha wiki ileile vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha. Chuma, ndiyo. Nailoni, hapana. Elimu ni mwanga, wenzangu, lakini inategemea umeushika ukiwa na hali gani.

Nyuma ya simu kulikuwa na waya unaoshuka kutoka mlingotini juu ya paa, umebanwa na skrubu. Nikailegeza kwa ncha ya kisu. Nikakata kipande cha nailoni cha ukubwa wa ukucha, nikauvisha waya kichwani, nikaubana tena. Ukiutazama, uko palepale. Ukimwita Mapenzi, utaita mpaka koo likauke.

"Mama, wafanyani?"

Zuleikha, miaka minne, amesimama na kikombe chake.

"Naifunga bandeji," nikamwambia. "Inaumwa."

Akaipapasa simu, akaipa pole.

Alasiri Mahadhi akarudi mbio na mwenzake Dzombo, fundi wa pampu. Akabonyeza.

"Mapenzi, Mapenzi, wanipata?"

Kimya. Mimi nachambua mchele, moyo unacheza chakacha.

Wakaanza kutafuta ugonjwa. Dzombo akapima betri: nzima. Wakatoa fyuzi, wakaitazama kwenye jua: nzima. Mahadhi akapanda paa, akautikisa mlingoti, akashuka na kutu usoni. Akavuta waya nyuma ya simu kuona kama umelegea. Haukulegea. Nilikuwa nimeukaza vizuri, fundi mimi. Wakabadilisha kipaza sauti, wakarudi kwenye betri wakaikwangua vichwa... na kila walipokosa, mimi nilijaa furaha kama mtungi.

Kisha nikamwona mume wangu anaangalia saa ya ukutani.

"Dzombo, bamvua lishajaa, bahari imepanda. Nisipofungua sasa, ukuta wa mabwawa utakatika."

"Fungua basi."

"Nifungue lipi? Mimi nina chati kumi na sita, ratiba ya zamani ya malango. Mapenzi ndiye ana kitabu chenyewe, kila meneja akibadilisha anatupa namba mpya, anatusomea mmoja mmoja. Harusi ana kumi na saba tangu alfajiri. Mimi sijasomewa."

Mchele ukanimwagika.

"Harusi..." nikasema. "Harusi ni mtu?"

Wote wawili wakanigeukia. Dzombo akasema, "Shemeji, Harusi wa Gongoni, yule mjane anayeshika malango ya kule. Kwani ulidhani nini?"

Na Mapenzi? Mapenzi ni karani wa ofisi. Mapenzi wa Kitsao. Majina ya watu, wenzangu. Mimi mwenyewe darasani nakaa na Mapenzi mmoja kulia na Harusi mmoja nyuma yangu, na bado wivu ulinifanya mgeni wa pwani yetu.

"Kumi na sita yasema nifungue lango la tatu," Mahadhi akaendelea, anachukua ufunguo wa lango. "Sina jingine la kufuata. Naenda."

Lango la tatu, bwawa la tatu... Nikakumbuka Nyevu akinisuka, akilalamika kwamba leo wamehamishwa kutoka bwawa la tano wanakwenda kukomba la tatu. Nyevu na mtoto wake mgongoni.

"Usiende," nikasema.

"Mwanatumu, sina wakati."

"Nimesema usiende. Nyevu yuko la tatu!"

Sikungoja anijibu. Nikaficha kisu ndani ya kanga, nikajifanya napangusa vumbi nyuma ya simu, vidole vyangu vikalegeza skrubu na kuvuta kile kipande. Nikakaza. Nikakificha ngumini.

Mkwaruzo ukarudi. Kisha ile sauti:

"Mahadhi, Mahadhi, nakutafuta tangu saa tisa. Chati kumi na saba. Lango la tatu lisiguswe, kuna vibarua ndani. Fungua la tano. Nisomee nilivyosema."

Mume wangu akamsomea. Dzombo akatoka mbio na ufunguo.

"Na mwambie mkeo," Mapenzi akaongeza, "vile vitabu vya mtihani ulivyoniomba nimtafutie, nimevipata. Vinakuja na lori la Jumamosi."

Sauti yake ilikuwa bado tamu. Sitawadanganya, niliendelea kuuchukia utamu ule hata nilipokuwa nalia.

Jioni Nyevu alirudi na chumvi miguuni, akayacheka macho yangu mekundu. Nilimkumbatia mpaka akauliza nina homa.

Mahadhi alikaa mbele ya ile simu, anaigeuza.

"Betri nzima, fyuzi nzima, mlingoti mzima," akasema. "Ukapangusa tu ikapona. Ilikuwa nini?"

"Vumbi," nikajibu.

Dada zangu, neno mlilolisikia nusu, liulizeni kwa mwenyewe kabla hamjalimaliza wenyewe. Mimi niliuliza kwa mafumbo nikajibiwa kwa kicheko, na jirani yangu alikuwa karibu kulipa yeye na mwanawe. Nilijua hivyo, na bado nilikaa pale na uongo wangu wa vumbi, nikitafuta pa kuanzia.

Zuleikha akaweka kikombe chake chini, akamtazama baba yake.

"Mama aliifunga bandeji."