Shikamoo Marufuku Kanaani

"Shikamoo, baba."

Mzee Frederick alimkazia macho Salvatory utadhani ametukanwa.

"Kijana, hapa Kanaani tunasema Bwana asifiwe. Anayeshikwa miguu ni Mungu peke yake."

Violet, aliyesimama mlangoni na sinia la mihogo, alitamani ardhi ipasuke immeze. Si alimwonya njia nzima? Enzi zile za ruksa kila mtu alifungua duka. Baba yake alifungua kijiji. Alizitoa familia saba kanisani kwao Lundo, wakaja kufyeka pori la ufukweni mwa ziwa, jirani na kijiji cha Mbaha, waishi kitakatifu: bila pombe, bila ngoma, bila shikamoo. Sasa nyumba zilikuwa zimepanda hadi mlimani, ikabidi aitwe fundi kutoka Kigonsera kuezeka bati kanisa jipya. Huko juu ya paa Salvatory alisalimia watu kwa kunyanyua nyundo tu, hakuna aliyeudhika. Alipomaliza paa alikuwa amekwisha kuuchukua moyo wa Violet.

"Pombe naacha, mzee," alisema Salvatory. "Ngoma naacha. Hata kusali nitasali nanyi. Ila shikamoo siachi. Mama yangu atasema nimemkana."

"Basi binti humpati. Na wewe Violet, ukimfuata, Kanaani usirudi."

Walipotoka nje, Violet alimgeukia kwa hasira.

"Neno moja, Salva! Limekushinda kulimeza kwa ajili yangu?"

"Mbona na baba yako limemshinda kuliitikia?"

"Baba ana kidonda chake. Siku anahama Lundo alimwambia bibi Getrude, mama yake mzazi, 'Bwana asifiwe.' Bibi akamgeuzia mgongo. Hawajaonana tena."

Salvatory akaichukua baiskeli yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kuposa kwa bibi."

Jumapili, watu wakitoka ibadani, bibi Getrude alishushwa kwenye baiskeli ya Salvatory mbele ya kanisa. Baba yake Violet alisogea taratibu.

"Bwana asifiwe, mama."

Bibi akatazama ziwa.

"Mama, niitikie basi."

"Salamu hiyo umempa kila mtu hapa. Yangu iko wapi?"

Mzee wa kanisa, Baltazar, alikohoa. "Baba Violet, kumbuka sheria yetu."

"Niliiweka mimi, Baltazar."

Akavua kofia, akapiga magoti mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Bibi alimwinua huku analia, na Violet naye akalia bila aibu. Wanawake wa Kanaani wakajipanga mstari kumwamkia bibi, kila mmoja shikamoo yake, kama watu waliokuwa na kiu siku nyingi.

Salvatory akasubiri zamu yake. Akasogea kwa mwenye kijiji.

"Shikamoo, baba."

Mzee Frederick alijifuta macho kwa kofia.

"Marahaba, mwanangu. Ila ile ahadi ya kuacha pombe nimeisikia, usidhani nimesahau."

Harusi ilifungwa chini ya mabati yale yale, bila tone la pombe wala ngoma. Lakini sheria ya Kanaani ilikuwa imesahau kukataza vigelegele, na bibi Getrude alivipiga mpaka Mbaha wakasikia.