Kengele Inayolia Bure

Kila siku akirudi shule, Wening hubadilisha sare yake ya buluu na nyeupe, hula wali na vipande vya tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, vilivyobaki asubuhi, kisha huenda nyuma ya nyumba kumsaidia mama yake kugeuza samaki. Mama yake hukausha samaki kwa moshi wa vifuu vya nazi, kama wafanyavyo kina mama wengi hapa kwetu Morosegara. Kazi hiyo haitaki mchezo. Ukimwacha samaki kidogo tu, anaungua. Ukimtoa mapema, anaoza kabla ya kufika sokoni.

Siku hiyo moshi ulikuwa umeanza kukolea vizuri simu ya mama ilipopiga kelele. Ilikuwa programu ya Kengele ya Maji, inayowaonya watu wa pwani ya mji wetu wa Semarang kwamba bahari inapanda na itaingia majumbani.

"Haya, imeanza tena!" mama alisema.

Akaumwagia moto maji, wakabeba vichanja mbiombio na kuvipandisha juu ya meza. Kisha wakasubiri. Maji yalijaza mtaro, yakatapakaa barabarani, yakafika kwenye ngazi ya chini ya nyumba yao na kutulia hapo. Baadaye yakarudi yalikotoka. Ndani ya nyumba halikuingia hata tone.

Mama alimbonyeza samaki mmoja kwa kidole. Alikuwa nusu mbichi, nusu amelowa.

"Sasa hawa nani atanunua? Paka?" alifoka. "Wiki nzima kengele, kengele, na maji yenyewe hayaingii! Leo naifuta hii takataka."

"Usiifute, mama. Nitairekebisha mimi."

"Wewe? Kwani umeitengeneza wewe?"

"Hata hao walioitengeneza ni watu tu kama sisi. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma na kupeleka marekebisho."

Mama alifuta jasho kwa kanga ya kichwani, akamtazama binti yake. "Sawa. Mwezi ukipevuka bahari itakuja kubwa. Nakupa mpaka siku hiyo. Ikilia bure tena, naifuta, na nawaambia wenzangu wote sokoni waifute. Tumechoka."

Wening hakuwa akijigamba. Alikuwa amejifunza kuandika msimbo kwa Dada Palupi, fundi kijana anayewafundisha watoto kompyuta katika ukumbi wa mtaa. Kengele ya Maji ni programu huria, yaani haina mwenyewe mmoja. Watu wa kujitolea kutoka miji mingi ya pwani, Dada Palupi akiwamo, huijenga pamoja, na kila mchango hukaguliwa na mwingine kabla haujaingizwa. Ndani yake kila mtaa una namba yake, yaani kimo cha maji. Bahari ikitarajiwa kufika kimo hicho, simu za mtaa huo hulia.

Wening aliitafuta namba ya Morosegara akaiona ni ndogo mno. Alisimama mlangoni kwao na utepe wa kupimia wa baba yake, kila maji yalipopanda, akalinganisha na vipimo vya bahari vinavyochukuliwa bandarini. Alifanya hivyo kwa bidii, hilo lazima niliseme. Kisha akaiongeza namba ile. Na kwa kuwa alishaingia, akabadilisha rangi ya programu, iliyokuwa mbaya, na mlio wa kengele, uliokuwa ukimchukiza. Vyote akavifunga pamoja na kuvituma.

Jibu lilitoka kwa mkaguzi mmoja anayeitwa Haryoko. "Asante kwa mchango wako. Tafadhali tenganisha mambo haya matatu, kwa sababu mwongozo wetu unataka badiliko moja kwa mara moja. Halafu, kuhusu namba: umepima kutoka wapi?"

"Kutoka wapi!" Wening alinung'unika pale ukumbini. "Kutoka Morosegara, si ndiyo nimeandika?"

"Umeusoma mwongozo wa wachangiaji?" Dada Palupi aliuliza.

"Ndiyo, dada."

Ukweli ni kwamba alikuwa ameuteremsha kwa kidole mpaka mwisho na kubonyeza *Nimekubali*, kama wafanyavyo watu wengi.

Aliyatenganisha mambo yale huku amenuna. Kwenye swali la Haryoko akajibu, "Nimepima mwenyewe, kwa mikono yangu." Kesho yake namba ikarudishwa. "Sina shaka kwamba umepima," Haryoko aliandika. "Nauliza ulianzia wapi. Tazama sehemu ya vipimo. Pia, badiliko la namba huanza na mjadala, ili wakazi wengine wa mtaa wapate kusema."

Shuleni, Gilang alikuwa akimsubiri getini. Gilang ni mwanafunzi mwenzake, na nyumba yao imepakana na ya kina Wening ukuta kwa ukuta. Anaishi na bibi yake, Bibi Jumiyem.

"Mhandisi wetu! Wamekubali?"

"Niache."

"Wamekutupa tena? Pole, Mheshimiwa Waziri wa Maji."

"Gilang, nitakupiga na begi."

"Lakini kwa nini unataka kuibadilisha? Mimi naona iko sawa tu."

"Iko sawa? Mama anamwaga samaki kila siku, wewe unasema iko sawa? Kwenu maji yanaingia?"

Gilang alitazama pembeni. "Kidogo tu," alisema, akaingia darasani.

Wening akaituma tena namba yake, mara ya tatu, bila mjadala, bila kugusa chochote. Mwezi ulikuwa unazidi kunenepa angani na mama alikuwa haachi kumkumbusha. Haryoko aliufunga mchango ule kwa mstari mmoja: "Hatuwezi kuipokea hivi. Tafadhali soma mwongozo."

Hapo hasira zikampanda kichwani. Vidole vikaenda vyenyewe. Akaandika kwenye ukurasa wa programu, mbele ya wachangiaji wote: "Wewe umekaa huko kwenye nyumba yako kavu unatusumbua kwa masharti. Hujui hata maji ya chumvi yananuka vipi. Mjinga mkubwa." Hakuandika hata "Kaka". Akatuma, akajisikia vizuri, labda kwa muda wa kunywa glasi ya chai.

Alipofika ukumbini kesho yake, Dada Palupi hakumkaribisha kwa utani kama kawaida.

"Maneno yako yamefichwa," alimwambia. "Na umezuiwa kuandika kwa wiki moja."

"Wiki? Dada, bahari kubwa inakuja! Mama ataifuta!"

"Kanuni za mwenendo ziko wazi. Tunabishana kuhusu kazi, hatumtukani mtu."

"Lakini mimi nina haki!"

"Huenda unayo. Mwenye haki naye hatukani hapa."

Wening alitoka akaupiga mlango. Njiani alilia kwa hasira. Alikuwa amefanya kazi zaidi ya mtu yeyote, alisimama kwenye matope, alipima, alihesabu, na mtu asiyemjua hata kwa sura anamfungia mlango kwa sababu ya mwongozo! Aliona wote ni watu wa kupenda kujikweza.

Jioni ya siku iliyofuata kengele ililia tena. Safari hii mama hakuzima moto. "Ilie mpaka ichoke," alisema. "Vifuu vinakwisha. Kimbia kwa Bibi Jumiyem ukaniazimie kikapu kimoja."

Wening aliruka ngazi akatua barabarani, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Akapiga hodi kwa kina Gilang. Alikuwa hajaingia humo tangu alipokuwa mdogo, kwa kuwa Bibi Jumiyem siku hizi huwapokea wageni barazani. Mlango ulikuwa mfupi hata akalazimika kuinama. Alipoingiza mguu wa kwanza, ulizama.

Maji yalikuwa ndani. Yalikuwa yamefika chini kidogo ya magoti, meusi, na kandambili moja ikielea. Bibi Jumiyem alikuwa ameketi juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, akimenya vitunguu. Gunia la mchele lilikuwa juu ya kabati, na mkoba wa shule wa Gilang ukining'inia kwenye msumari.

"Karibu, mwanangu," bibi alisema kwa upole, kama kwamba hakuna kitu. "Samahani, kuna maji kidogo."

"Kidogo, bibi?"

"Kengele ililia, tukapata nafasi ya kuinua vitu. Tunashukuru."

Hapa kwetu ardhi inadidimia, na kila baada ya miaka michache mwenye uwezo huleta kifusi na kuinua sakafu. Baba yake Wening aliinua yao mwaka uliopita. Asiye na uwezo hubaki chini, kwenye sakafu aliyoiinua zamani mpaka dari ikamkaribia kichwani, na maji humfuata yeye kila jirani anapopanda. Tena ni jambo la aibu, na mtu mwenye adabu haulizi sakafu ya mwenzake. Akiulizwa, atajibu "kidogo tu", na muulizaji ataridhika. Ndiyo maana waliokuwa wakilalamika sokoni kuhusu kengele walikuwa wa nyumba za juu peke yao, na sauti zao zilikuwa kubwa.

Gilang alikuwa amesimama karibu na jiko, ameinamisha kichwa. "Sasa umeona," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba sisi hatuna pesa ya kifusi? Mbele ya shule nzima?"

Wening alisahau vifuu. Alikimbia hadi ukumbini, miguu ikiwa bado na tope, akamwomba Dada Palupi amfungulie mwongozo. Alisoma sehemu ya vipimo neno kwa neno: *Usipime kwenye mlango wako. Anza na nyumba iliyo chini kuliko zote mtaani, na ueleze uliipataje.*

"Namba yangu ingeingizwa," alisema polepole, "kengele isingelia leo. Maji yangemkuta Bibi Jumiyem na mchele wake chini."

"Ndiyo."

"Ulijua, dada?"

"Sikujua. Hata mimi nyumbani kwetu ni juu." Dada Palupi alivuta kiti. "Unajua huo mstari aliuandika nani? Haryoko. Anatoka Pekalongan, mji mwingine wa pwani. Kule mtu mmoja mwenye nia njema alipandisha namba, na hapo zamani hakuna aliyeuliza alipima wapi. Maji yalimkuta mama yake Haryoko usingizini. Majirani walimtoa ameng'ang'ania kitasa cha mlango, maji yakiwa kifuani."

Wening alifunika uso kwa viganja. Alikuwa amemwambia mtu huyo kwamba hajui maji ya chumvi yananuka vipi. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Siku zilizobaki za adhabu yake hakukaa bure. Alimwendea Bibi Jumiyem na kumwomba ruhusa ya kupima sakafu yake. Bibi alisita sana.

"Watu watasoma?"

"Watasoma, bibi."

"Basi andika 'nyumba ya chini'. Jina langu usilitaje."

Yeye na Gilang walipima, safari hii Gilang ndiye aliyeshika utepe na kumkejeli kila alipoteleza. Na hapo wakapata wazo lingine. Kwa nini mtaa mzima uwe na namba moja? Kila nyumba ingeweza kuandika kimo cha sakafu yake kwenye simu, na simu ilie kwa zamu yake. Atakayeacha pasipo kuandika angepewa namba ya nyumba ya chini.

Wiki ilipokwisha, kitu cha kwanza alichoandika hakikuwa wazo hilo. Aliandika palepale alipotukana, ili walioona tusi waone na hili: "Kaka Haryoko, nilikutukana, na nilikosea. Namba yangu nayo ilikuwa na makosa. Nilipima mlangoni kwetu, na nyumba yetu imeinuliwa. Naomba radhi." Halafu akafungua mjadala. Wakazi kadhaa walichangia, wengine wakibisha. Akatuma badiliko moja tu, na maelezo ya namna alivyolijaribu.

Haryoko akalirudisha.

Wening aliguna kwa sauti hata watoto wengine ukumbini wakageuka. Je, mtu akiandika kimo kwa herufi badala ya tarakimu, programu itafanya nini? Hilo ndilo lilikuwa swali. Alijaribu, na programu ikazimika. Akasaga meno, akarekebisha, akatuma tena. Jibu lilikuja kabla ya magharibi: "Limepokelewa. Karibu kwenye kazi, Wening. Na radhi nimeipokea."

Mwezi ulipevuka. Jioni hiyo mama alikuwa kwenye moshi wake, simu iko kimya mfukoni. Ghafla kengele ikasikika kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Inalia kwa nani?" mama aliuliza.

"Kwa Bibi Jumiyem. Yetu bado kidogo."

"Kwani kwake maji yanaingia?"

Wening alimtazama tu. Mama aliweka koleo chini, akaenda, Wening nyuma yake, na Dada Palupi, aliyekuwa amekuja kutazama kama programu itafanya kazi, akawafuata. Mama akainama kuingia katika ule mlango mfupi. Akasimama humo, shingo imepinda chini ya dari, akiangalia maji yanavyopenya kwenye nyufa za sakafu. Kisha akalibeba gunia la mchele, akalitoa nje na kulipeleka nyumbani kwao kwenye ngazi za juu. Alirudi kumshika bibi mwenyewe mkono na kumleta.

"Miaka yote hii," alimwambia, "na mimi nilitaka kuifuta."

Simu yake mwenyewe ilipolia, samaki walikuwa wameshaiva, na Bibi Jumiyem alikuwa ameketi jikoni kwao akinywa chai ya tangawizi.

"Dada," Wening alimwambia Palupi wakiwa mlangoni, "nilidhani mwongozo ule umewekwa ili kutusumbua sisi tunaofanya kazi."

"Unasumbua, sikatai," Dada Palupi alijibu. "Hata mimi hunichosha. Lakini kazi ya wengi hutumiwa na watu usiowaona, na wengine wao hawatakuja kukubishia hata ukiwaumiza. Kwa hiyo ukiulizwa swali kuhusu kazi yako, usikimbilie kukasirika. Jibu kwanza. Huenda anayekuuliza anauliza kwa niaba ya mtu aliyeona haya kuuliza."

Wening alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kumwongezea Bibi Jumiyem chai.