Maji ya Moto Uani

Kipimajoto kilisema sitini. Rangi ya mwanga wa leza ilisema sabini na kitu. Twahiru akakigonga kwa ukucha, ukaidi tu. Sitini.

Hii haikuwa mashine ya kuchezea. Leza nyingi hulilia baridi, lakini hii ya maabara ya chuo, jiwe lake linalotoa mwanga lilitaka kuzungukwa na maji ya moto, digrii sitini, hapo ndipo linapong'aa. Ukizidisha joto, wekundu wake unasogea, unakolea, hata jicho lisiuone. Na sasa ulikuwa unasogea wenyewe, mchana kweupe, na chumba kinanuka ngozi iliyoungua.

"Bonfils, umegusa skrubu ya rangi?"

"Mi? Apana, chef," mwenzake akanong'ona. "Lakini sikiliza mu tuyo, mule maji inapita. Kuna mutoto analia."

Simu ikalia. Alikuwa Fatouma, mkewe, kutoka nyumbani Ngagara.

"Twahiru, kuja mbio! Houda iko moto, haushikiki mukono!"

"Umemupima?"

"Mara tatu. Trente-sept, thelathini na saba tu! Kipimo inasema yuko muzima!"

Akakimbia nyumbani. Houda ndiye mwana wao wa pekee, miaka mitano tu.

Bibi Saliha, mganga wa mtaani, alimtazama mtoto bila kumgusa. Akamgeukia baba. "Maji ya moto ulimwaga wapi?"

Twahiru akakumbuka. Jumatatu alibadilisha maji ya mashine, akayamwaga uani mwa maabara huku anagombana na mtu kwenye simu. Na tangu utoto amelelewa hivi: maji ya moto hayamwagwi chini bila Bismillahi, kisha ungoje kidogo, wale wenzetu, majini wa ardhini, waondoe watoto wao. Mtu mzima na elimu yake, akasahau!

"Umemuunguzia mumoja wao mutoto wake," bibi akasema polepole. "Sasa anataka wako. Maji yakimwagika hayazoleki, baba. Twende tukaombe radhi."

Wakaenda alasiri hiyo hiyo, bibi na ubani wake, Twahiru na ndoo ya maji baridi, na kadiri alivyomimina na kuomba msamaha ndivyo udongo ulivyotokota, ile harufu ikapanda hadi kooni, na kilio cha kule chini kikawa cha watoto wawili, halafu cha mmoja, halafu kimya.

Houda akapoa. Rangi ya leza ikarudi mahali pake. Alhamdulillahi! Ila mtoto hakumwita tena baba. Alimkodolea macho tu, na maji baridi hakuyataka hata ya kunywa. Fatouma akasema ni uchovu wa homa, utapita.

Jumatatu iliyofuata Twahiru akatoka uani na ndoo ya maji ya mashine, inafuka mvuke. Akasema "Bismillahi" kwa sauti, akangoja kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akaiinamisha.

"Baba, ngoja!" Sauti ya Houda ilitoka chini ya udongo. "Nitoke kwanza!"

Ndoo ikamponyoka.