Kaboni ya Fundi Redio

Siku mume wangu alipofariki, wateja watatu walikuja kuulizia redio zao. Niliwapa moja moja, hata zile ambazo hakuwahi kuzimaliza. Mpaka leo nikisikia redio ya jirani ikikwaruza, nageuka nimwite.

Alikuwa na uvimbe tumboni. Siku moja alisikia redioni kwamba wanasayansi wanatengeneza vibomba vidogo vya kaboni vya kubebea dawa ya saratani.

"Mama watoto, kaboni si hii hapa?" akacheka, akichomoa kijiti cheusi katikati ya betri kuukuu. "Fundi hakosi spea!"

Alikisaga kwa tupa, akanywa na maji. Miezi mitano akafanya hivyo. Alipokubali kwenda hospitali, alikuwa amechelewa.

Miezi mitatu baada ya mazishi nilimkuta dada yake kwenye meza ya marehemu ya kutengenezea redio, vidole vyeusi.

"Wifi, unafanya nini?"

Akafungua kitenge, akanishikisha titi lake. Kulikuwa na uvimbe mgumu.

"Namalizia dawa ya kaka. Nikishika tupa yake, naona kama yupo."

Hata mimi nilikuwa naishika. Nikamwita nesi, jirani yetu, nikamweleza habari ile ya redioni.

"Jamani, mnataka kula betri?" alisema nesi. "Ina sumu hiyo! Mkaa una kaboni, penseli ina kaboni. Lakini vibomba vile havichongwi kwa tupa. Unywele mmoja ni mnene kuliko kibomba kimoja mara maelfu. Kaboni yake imepangika kama wavu uliokunjwa ukawa bomba."

"Vinatibu?" aliuliza wifi.

"Watafiti wanajaribu kuvibebesha dawa mpaka kwenye uvimbe, ili sehemu za mwili zisizo na ugonjwa zisiumie sana. Wengine wanavitumia kutengeneza vipimo vya kugundua ugonjwa mapema. Bado wanachunguza madhara yake, maana vingine vikivutwa huumiza mapafu."

"Basi nitavisubiri."

"Uvimbe hausubiri, mdogo wangu. Matibabu ya leo yapo. Kesho asubuhi tunakwenda."

Wifi alinitazama. "Kaka angeambiwa hivi, angekwenda?"

"Angebisha kwanza," nilisema. "Halafu angekwenda."

Tulicheka, tukalia. Asubuhi tulikwenda, akapimwa. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa haijasambaa.

Sasa nywele zimemtoka na uvimbe umepungua. Kila tarehe yake ya matibabu ikifika naenda naye. Nakaa kwenye kiti cha pembeni mpaka dripu iishe.