Milio Mitatu ya Kompyuta ya Bibi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha akaingia chumba cha mbele kufanya kazi na bibi yake. Kunawa mara mbili lilikuwa sharti la bibi. Alikuwa amefanya kazi ya ukunga kwa miaka thelathini na minane, na ingawa sasa alikuwa mstaafu, hakuruhusu mkono mchafu uguse kitu chake chochote, hata kibodi ya kompyuta.

Chiriku halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata kwa sababu ya maneno yake mengi. Aliongea akifagia, aliongea akila, na mama yake aliapa kwamba huongea hata usingizini. Lakini kwa bibi mdomo huo ulikuwa msaada mkubwa. Bibi alikuwa anaandika kitabu cha kuwafundisha wakunga wanafunzi, na macho yake yalikuwa yamechoka. Yeye alisema, Chiriku akachapa, kisha Chiriku akamsomea kwa sauti kila sentensi aliyochapa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Kasha lake, ambalo zamani lilikuwa jeupe, sasa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Imekuzidi umri, mke mwenzangu," bibi alipenda kumtania Chiriku. "Iamkie kwanza ndipo uiwashe."

Kurasa themanini na nne zilikuwa tayari, na zilibaki kama kumi. Ijumaa ilikuwa lazima kitabu kifike chuo cha wakunga kichapishwe, kwa sababu Jumatatu wanafunzi wangetawanyika kwenda kwenye vituo vya afya vya mbali, kila mmoja na nakala yake.

Wiki hiyo hiyo kompyuta ikaanza vituko. Ilizimika ghafla, bila kuaga, katikati ya sentensi. Wakaiwasha, ikazimika tena. Kwa bahati nzuri Chiriku alikuwa na mazoea ya kuhifadhi kazi kila ukurasa unapokwisha, kwa hiyo walipoteza mistari michache tu. Lakini siku zilikuwa zinakwenda.

Shuleni, Chiriku alimsimulia mwenzake wa dawati moja, ambaye mjomba wake alikuwa fundi wa simu.

"Hilo ni jambo dogo," mwenzake alisema. "Ndani kuna kibao chembamba cha kumbukumbu. Kitoe, kisugue kwa kifutio, kirudishe. Basi."

"Una hakika?"

"Nimemwona mjomba kwa macho yangu."

Jumanne alasiri bibi alikwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Chiriku akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Alichukua bisibisi kwenye droo ya jikoni, akafungua kasha, akakiona kile kibao, akakichomoa na kukisugua. Alikuwa ameanza kukirudisha aliposikia komeo la lango likigonga. Akakisukuma haraka haraka, akafunika kasha, akaketi kama mtu aliyekaa hapo tangu asubuhi.

Bibi alinawa mikono, akaja, akabonyeza kitufe. Kompyuta ilitoa milio mitatu mirefu, kama gari linalorudi nyuma. Skrini ilibaki nyeusi.

"Haijawahi kulia hivi," bibi alisema. "Umeigusa, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi. Nimeikuta hivyo."

Uongo ule ulimtoka kwa urahisi ambao ulimshangaza hata yeye mwenyewe. Bibi hakuuliza tena. Alijaribu kuiwasha mara ya pili na ya tatu, akasikia milio ile ile, akaizima.

Asubuhi iliyofuata, Chiriku alipokwenda kunywa chai, alimkuta bibi mezani na kalamu. Alikuwa anakiandika kitabu upya, tangu mwanzo, kwa kichwa. Alikuwa amefika ukurasa wa nne. Herufi zake zilipanda na kushuka, na kila baada ya mistari miwili alivua miwani, akayafikicha macho.

"Kitabu chote kimo humo ndani ya mashine," bibi alisema, "na sikuweka nakala pengine. Kosa langu. Lakini kichwa changu hakijazimika. Kunywa chai, utachelewa."

Chiriku aliiacha chai mezani. Siku nzima darasani Chiriku hakunyoosha mkono hata mara moja, mpaka mwalimu akamuuliza kama anaumwa.

Alasiri alipofika nyumbani alimkuta fundi chumba cha mbele. Alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye mkoba uliojaa brashi na bisibisi za kila ukubwa. Alikuwa akizihudumia kompyuta za ofisi nyingi za mji ule. Aliwasha mashine, akainamisha sikio, akaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.

"Milio mitatu inaweza kuwa kumbukumbu," alisema. "Inaweza pia kuwa ubao mkuu wenyewe. Kuna mtu aliyeifungua?"

"Hakuna," bibi alijibu. "Mashine hii tunaitumia mimi na huyu tu, na huyu hakuigusa."

"Basi itabidi niichukue. Nikiwa sijui kilichotokea, lazima nipime kila kitu, kimoja baada ya kingine, na vifaa vya kupimia viko karakana. Jumatatu nitakuwa na jibu."

Bibi aliinamisha kichwa kidogo. "Jumatatu," alisema taratibu, "wanafunzi wangu watakuwa wameshaondoka."

Fundi alianza kuchomoa nyaya. Chiriku alisimama mlangoni. Bibi alimtazama, kisha akasema, "Wewe hujatamka neno tangu uingie. Chiriku akinyamaza, kuna jambo."

"Ni mimi, bibi." Sauti ilitoka ndogo. "Jana niliifungua. Nilichomoa kibao cha kumbukumbu nikakisugua kwa kifutio. Uliporudi nikakirudisha kwa haraka. Nilikudanganya."

Fundi aliziweka chini nyaya alizoshika. Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena.

"Umeniumiza," alisema. "Nimeandika tangu alfajiri kwa sababu ya neno lako moja. Haya, mweleze fundi kila kitu. Usibakize."

Chiriku akaeleza. Alipomaliza, fundi hakugomba. Alifungua kasha, akamwita karibu. "Ona. Upande huu umeingia, upande ule umening'inia. Gusa chuma cha kasha kwanza, umeme wa mwilini mwako uondoke. Sasa kikandamize wewe mwenyewe, pande zote mbili, mpaka usikie."

Chiriku alikandamiza. Ta. Ta. Fundi akarudisha nyaya, akawasha. Mlio mmoja mfupi, na skrini ikawaka. Kurasa zote themanini na nne zilikuwemo. Bibi alicheka kwa sauti, lakini fundi alitoa flashi mfukoni. "Kabla ya kushangilia, nakala kwanza." Akakinakili kitabu, akamkabidhi bibi flashi.

Baada ya dakika ishirini kompyuta ikazimika.

"Huo sasa ndio ugonjwa wa kwanza," fundi alisema. "Nani anaujua vizuri?"

"Mimi," Chiriku alijibu, na safari hii maneno yalimiminika. Asubuhi ya Jumamosi ilikaa karibu saa nzima. Mchana, joto likizidi, ilikaa robo saa tu. Ukiiwasha palepale, inazimika upesi zaidi. Ukiiacha ipumzike, inakaa.

Fundi alitabasamu. "Umeangalia vizuri. Kosa lako lilikuwa kuanza na dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Sasa tubadilishe kitu kimoja kimoja."

Walihamishia waya wa umeme kwenye soketi nyingine, ikazimika. Wakabadilisha waya, ikazimika. Ndipo, walipoiwasha tena, Chiriku akaweka kiganja nyuma ya kasha. Palikuwa pa moto, lakini hakuna upepo uliotoka.

"Feni haizunguki?" aliuliza.

"Tazama mwenyewe."

Waliizima, wakachomoa waya, wakamulika kwa tochi. Feni ndogo iliyopaswa kuupoza ubongo wa mashine ilikuwa imefunikwa na vumbi nene kama blanketi, na katikati, kwenye mhimili wake, ulikuwa umejiviringisha uzi wa sufu wa zambarau.

Bibi aliutambua mara moja. Alikuwa na kawaida ya kufuma kofia za watoto wachanga huku akisubiri kompyuta iwake. "Kumbe mkosaji wa pili ni mimi," alisema, na wote watatu wakacheka.

Chiriku aliukata uzi kwa koleo, akautoa kipande kwa kipande. Walipeleka kasha uani. Fundi akamwonyesha jinsi ya kuzuia feni kwa kidole huku akilipiga vumbi kwa brashi. Kisha akapaka juu ya ule ubongo wa mashine dawa mpya ya kupitisha joto, wakaunganisha kila kitu. Feni ikazunguka, upepo ukatoka. Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Bibi alikuwa ameshaanza kusema, na Chiriku alikuwa ameshaanza kuchapa. Kompyuta haikuzimika mpaka walipoizima wenyewe.

Alhamisi jioni ukurasa wa mwisho ulikamilika. Ijumaa saa nne asubuhi, kwa ruhusa ya mwalimu wake, Chiriku alisimama na bibi chuoni mbele ya wakunga wanafunzi arobaini. Vitabu viligawiwa vikiwa bado na joto la mashine ya kuchapia. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kazi ilikuwa ngumu.

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Wasimulie."

Chiriku aliwasimulia yote, pamoja na uongo wake. Hakuna aliyemcheka. Alipomaliza, bibi aliweka mkono begani mwake.

"Mmemsikia," aliwaambia wanafunzi. "Mkono wake ulikosea, na mkono hufundishwa. Uongo ndio uliokaribia kutunyima kitabu, maana hata fundi hodari hawezi kutibu asichoambiwa. Mtakapofika vituoni mtakosea, kama nilivyokosea mimi. Siku hiyo semeni upesi, kabla madhara hayajakua. Wahenga walisema, mficha uchi hazai, na ninyi wakunga ndio mnaojua zaidi kwamba hawakutania."

Darasa zima liliangua kicheko, kisha likapiga makofi. Chiriku naye alipiga makofi, kwa nguvu kuliko wote.