Kisima cha Mzee Aikaeli

Mzee Aikaeli, mgawa maji wa mfereji, alikutwa amekufa asubuhi kijijini Rau, kifudifudi penye kizuizi cha maji, kisogo kimepasuka. Maji yaliyompita masikioni yalikuwa ya bluu, yananuka ngozi iliyovunda. Inspekta Mektrida aliziba pua, akatema mate. Kando ya mfereji mahindi yamekauka yakiwa machanga, udongo umeota magamba meupe kama ukurutu.

"Hakufa maji," daktari alisema. "Kapigwa na kitu kizito, jana jioni."

Kwenye koti la marehemu kulikuwa na karatasi ya maabara, imeloa, linasomeka jina la maabara tu. Inspekta alipiga simu huko, akaacha ujumbe, akaenda msibani.

"Shikamoo, mama. Pole."

"Marahaba, mwanangu." Mjane, Yuditha, alimmiminia chai ya rangi.

Alikuwa kwenye kikombe cha pili simu ilipolia. Mtaalamu wa maabara hakuzunguka. Marehemu alipeleka maji ya kisima chake, majibu akayachukua jana saa tisa. Dawa ya kulainishia ngozi za wanyama imezama toka mferejini, imepenya udongo mpaka kisimani. "Yasinywewe, Inspekta. Hata yakichemshwa."

Inspekta akakisukuma kikombe kando. Kabla hajafungua mdomo, jirani mmoja, Mzee Eliezeri, akaangua kicheko.

"Muoneni Godlove! Anakunywa maji ya dukani kwenye msiba wa shemeji yake! Jumapili si ulipiga kata mbili za kisima hiki hiki, wewe?"

Godlove, mdogo wake Yuditha, mwenye karakana ya ngozi kule juu ya mfereji, akaificha chupa pajani.

"Wekeni vikombe chini, wote!" Inspekta alisema. "Mama, jana mzee alikuambia nini kuhusu kisima?"

"Hakuniambia kitu. Alikwenda mjini, hakurudi hapa."

"Basi wewe Godlove, nani alikuambia?"

"Tumbo tu linanisumbua, afande."

"Mwombe dada yako chai. Ni dawa ya tumbo."

Yuditha akamimina, akamshikisha kikombe. "Kunywa, Godi."

Godlove alikipeleka kikombe mdomoni, akakirudisha chini bila kunywa.

"Alinifuata na karatasi, kwamba dawa yangu imeingia kisimani," alisema mwishowe. "Kanipa mpaka leo nifunge bomba la maji machafu ya karakana, la sivyo anafunga mfereji na kuwaita wakubwa. Nilibakiza shehena moja tu ya ngozi! Nikamwambia, shemeji, wiki mbili. Kanigeuzia mgongo. Mpini wa jembe ulikuwa pale."

Inspekta alimfunga pingu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota mzoga. Nje, mtu alikuwa anatapika.

Yuditha hakulia. Alikuwa anaitazama sufuria ya uji wa mjukuu wake, imekwisha nusu.

"Tangu asubuhi unanitazama nachota, Godi. Umeketi hapo. Ungeninong'oneza mimi tu, dada yako."

Godlove akainamisha kichwa, akajibu.

"Ungewaambia na wengine."